Nani Mlezi wa Mchezaji wa Miaka Tisa?

Niliombwa nizungumzie sera ya kukuza vipaji vya michezo kwa watoto, hususan namna taasisi zetu zinavyoshirikiana katika kazi hiyo. Nimeipokea mada, ila nimeipunguza upana. Nitashughulika na mtoto wa shule ya msingi, wa kati ya miaka sita na kumi na mitatu, kwa sababu huyo ndiye anayetajwa sana kwenye hotuba na kuonekana kidogo sana kwenye bajeti.

Kusudi langu ni kutetea dai moja. Taasisi zetu hushirikiana vizuri mwishoni mwa safari ya mtoto, pale penye kombe, kamera na mgeni rasmi. Mwanzoni mwa safari, penye kipindi, kiwanja, mwalimu na tarehe ya kuzaliwa, kila moja huiachia nyingine. Sera ya ushirikiano yenye maana ni ile itakayoushusha ushirikiano huo hadi mwanzoni, na ikishafanya hivyo italazimika kuchelewesha uteuzi wa vipaji kuliko tulivyozoea. Najua sehemu hiyo ya pili haitawafurahisha wote humu ukumbini. Nitaifikia.

1. Walezi wengi, mlezi hakuna

Tuitazame kwanza ramani ya ofisi zenyewe, kwa Tanzania Bara, maana Zanzibar ina wizara na baraza lake na michezo si jambo la Muungano. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, na Sera ya Maendeleo ya Michezo tuliyoishi nayo muda mrefu ni ya mwaka 1995. Hayo yako kwa wizara yenye dhamana ya michezo. Lakini shule ya msingi na mwalimu wake wako TAMISEMI, kupitia halmashauri. Mtaala anaoufundisha mwalimu huyo huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyo chini ya Wizara ya Elimu. Kanuni za mchezo, kozi za makocha na ligi za vijana ni kazi ya chama cha mchezo husika: TFF kwa soka, Riadha Tanzania kwa riadha, na kadhalika. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto iko RITA, chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Kiwanja kiko tena halmashauri, ila kwenye meza ya ardhi, ambayo si lazima ijue meza ya elimu imepanga nini.

Sasa mwekeni mtoto wa miaka tisa katikati ya ofisi hizo. Chama cha mchezo kitasema huyu ni mwanafunzi, muulizeni mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu atasema yeye hupimwa kwa ufaulu wa darasa la nne na la saba, na mthibiti ubora akifika shuleni haanzi kwa kuuliza watoto wangapi wamekimbia wiki hii. Afisa michezo atasema ana wilaya nzima na hana usafiri. Baraza litasema lenyewe husimamia vyama, haliendeshi shule. Kila jibu ni sahihi kwa mujibu wa majukumu ya ofisi iliyolitoa, na ugumu wa jambo lenyewe uko hapo, kwa kuwa hakuna mzembe wa kumnyooshea kidole.

Kinachoziba pengo hilo kwa wiki chache kila mwaka ni UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Watoto huchujwa shuleni, kisha kata, wilaya na mkoa, hadi taifa, ambako wizara zote hizo hukaa jukwaa moja. Sina neno baya juu ya mashindano hayo. Ni mlango ambao mtoto wa Kibondo na wa Newala wanaweza kuupita sawa na wa Kinondoni. Lakini kumbukeni yaliyotokea mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo ya shule iliposimamishwa kwa miaka kadhaa kwa hoja kwamba inawapotezea watoto masomo. Mashindano yalipoondoka, katika shule nyingi hapakubaki kitu chini yake. Hapakuwa na ligi ya darasa kwa darasa, wala klabu ya mtaa iliyopatana na shule, wala daftari la nani alifundishwa nini na nani. Michezo ya watoto karibu yote ilikuwa imeegemea safari moja ya basi kwa mwaka.

Ushahidi mwingine uko kwenye medali. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa askari wa JWTZ. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipoipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, kwenye marathoni ya Tokyo, naye alikuwa askari wa JWTZ. Miaka zaidi ya hamsini imepita kati yao, na taasisi inayomshika mkono mkimbiaji ni ileile. Nalipongeza jeshi. Hata hivyo jeshi huandikisha mtu mzima. Kabla ya hapo mkimbiaji wetu amejilea, au amelelewa na mwalimu mmoja mwenye moyo, na wale waliomkosa mwalimu wa namna hiyo hatuna hata orodha yao.

Nitajibiwa kwamba ushirikiano upo, kwamba kuna kamati za michezo za mikoa na wilaya, vikao vya wadau, hati za makubaliano. Vipo. Tatizo ni kwamba kikao cha wadau huisha kwa maazimio, na azimio halimnyimi mtu chochote. (Naona wenzangu wa halmashauri wanatabasamu, posho ya kikao nayo haimnyimi mtu chochote.) Ushirikiano wa kweli hujulikana kwa kile ambacho kila taasisi imekubali kukiachia: haki ya kumteua mtoto kwanza, sehemu ya fedha, funguo za kiwanja, saa za ratiba. Nitakayoyasema kuanzia hapa yanahusu mambo hayo manne, ingawa sitayapa muda sawa.

2. Anayeteua mapema huteua umri

Tazameni uteuzi wa ngazi ya kata unavyofanyika. Ni Ijumaa alasiri, shule za kata zimekutana kwenye kiwanja kimoja, na majina yanatakiwa wilayani Jumatatu. Mwalimu wa michezo ana filimbi shingoni, mipira miwili, na watoto zaidi ya mia moja wa kuwatazama kabla jua halijazama. Mpira ukiwa hewani, anayeufikia ni mrefu. Wakigongana, anayebaki wima ni mzito. Mwalimu anaandika anachokiona, na anachokiona ni nani ameshakua. Katika umri huo, kukua kunategemea tarehe ya kuzaliwa kuliko kipaji.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walichunguza wachezaji wa hoki ya barafu nchini Kanada, ambako makundi ya umri hukatwa kwa kufuata mwaka wa kalenda. Wakakuta waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wamejaa kwenye timu bora, na waliozaliwa mwishoni ni wachache. Kipaji hakichagui mwezi. Ila kati ya watoto wa kundi moja la umri, aliyezaliwa Januari amemzidi wa Desemba karibu mwaka mzima wa kula na kurefuka. Akateuliwa kwa hilo, akapewa kocha, jezi na mechi nyingi zaidi, na ubora ambao hakuwa nao mwanzoni akaupatia humo humo kwenye kuteuliwa. Tangu wakati huo hali hiyo imeonekana katika soka la nchi nyingi. Kwetu sisi ongezeni kwamba darasa moja la nne linaweza kuwa na watoto waliopishana miaka miwili au mitatu.

Katika mazingira hayo ndipo anapopatikana kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri, na mniruhusu niseme kwamba kijeba ni zao la sera kabla hajawa kosa la mtu. Ukimzawadia mwalimu, shule na mkoa kwa kikombe cha watoto, umewaambia wakatafute mtoto mkubwa. Mamluki anayevalishwa sare ya shule isiyo yake hutoka kwenye mlango huohuo. Na bili huja baadaye. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia mwaka 2005, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Mwaka 2019, tulipokuwa wenyeji wa mashindano hayohayo Dar es Salaam, Guinea walifika fainali, kisha wakanyimwa nafasi ya Kombe la Dunia baada ya kubainika kwamba wachezaji wao wawili waliwahi kuandikishwa kwa tarehe nyingine za kuzaliwa kwenye mashindano ya vijana nchini Japani. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA imetumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono. Picha huonyesha kama sehemu ya kukulia ya mfupa wa kigasha, pale unapokaribia kiganja, imeshafunga kabisa. Ikiwa imefunga, uwezekano wa kijana kuwa chini ya miaka 17 ni mdogo mno. Kipimo hicho ni cha wavulana wa umri huo tu, na huja mwisho kabisa, wakati tiketi za ndege zimeshakatwa na kijana mdogo aliyestahili nafasi ile amesharudi kijijini kwao.

Dawa ya mapema zaidi tunayo, nayo haikubuniwa na watu wa michezo. Mwaka 2013, kuanzia mkoani Mbeya, RITA kwa kushirikiana na UNICEF na kampuni ya simu ya Tigo ilianza kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, taarifa zikitumwa kwa simu ya mkononi. Mama anakwenda kliniki kwa chanjo na anatoka na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Mpango huo ulienea mkoa hadi mkoa. Mimi nauhesabu kuwa mpango bora wa michezo ya watoto uliowahi kufanyika nchini, ijapokuwa kwenye nyaraka zake sidhani neno mpira limeandikwa. Mtoto aliyesajiliwa Mbeya mwaka ule akiwa mchanga sasa yuko kwenye umri wa kumaliza shule ya msingi. Kilichobaki ni kazi ndogo ya kiofisi: namba ya cheti chake iandikwe kwenye daftari la darasa la kwanza, na namba hiyohiyo imfuate hadi fomu ya UMITASHUMTA na kadi ya chama cha mchezo. Ofisi nne zingehitaji kukubaliana juu ya safu moja ya fomu. Hiyo ndiyo sura ya ushirikiano ninayoizungumzia.

Hata hivyo, cheti humwondoa kijeba tu. Mtoto wa Januari hubaki na faida yake. Hapa naileta Norwei. Mwaka 1987 shirikisho la michezo la nchi hiyo, linaloviunganisha vyama vya michezo yote pamoja na kamati ya Olimpiki, lilipitisha masharti ya michezo ya watoto, na mwaka 2007 likayaboresha kuwa haki za watoto michezoni. Mtoto wa chini ya miaka 11 hawekwi kwenye jedwali la matokeo wala orodha ya nafasi. Mtoto wa chini ya miaka 13 hashindanii ubingwa wa taifa wala wa nje ya nchi. Masharti hayo yanavibana vyama vyote, na klabu inayoyavunja inaweza kuadhibiwa. Kwa mtazamo wetu hao wangekuwa taifa la walegevu. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya PyeongChang mwaka 2018, nchi hiyo yenye watu wapatao milioni tano ilichukua medali 39, idadi ambayo hakuna nchi iliyokuwa imewahi kuifikia katika michezo ya baridi.

Najua pingamizi: Norwei ni tajiri, ina theluji na ina mafuta. Ni kweli, na sidai kwamba masharti hayo ndiyo yaliyoleta medali. Nadai jambo dogo zaidi, kwamba hayakuzizuia. Tena katika yote wanayofanya matajiri wale, hili halina gharama. Kutochapisha jedwali la watoto wa miaka tisa hakuhitaji bajeti. Anayeona mfano wa Ulaya uko mbali na atazame Iten, Kenya. Bruda Colm O'Connell, mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, alifika shule ya St Patrick's mwaka 1976. Kutoka shule hiyo akatoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988, na baadaye Bruda Colm akamfundisha David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 huko London mwaka 2012. Hao walifika mikononi mwake wakiwa vijana wa sekondari, umri ambao akademi nyingi za mijini zingesema basi limeshaondoka. Udhaifu wa Iten ni kwamba kwa miaka mingi uliegemea kipaji cha mwalimu mmoja, na sera haiwezi kuagiza Bruda Colm kwa kila wilaya.

Pingamizi zito zaidi ni la makocha: tukichelewa, wenzetu watatutangulia. Arne Güllich wa Ujerumani, pamoja na Brooke Macnamara na David Hambrick wa Marekani, walikusanya matokeo ya tafiti 51 zenye wanamichezo zaidi ya 6,000. Waliofika kilele cha dunia wakiwa watu wazima walikuwa wamecheza michezo mingi zaidi utotoni, walichelewa kuanza mchezo wao mkuu, na mwanzoni walipanda polepole kuliko wale walioishia ngazi ya taifa. Kwa waliong'ara wakiwa wadogo ilikuwa kinyume: walianza mapema na kujifunga kwenye mchezo mmoja mapema. Kwa hiyo kocha anayesema kuanza mapema kunaleta ushindi anasema kweli, ila anazungumzia ushindi wa watoto. Ipo michezo kama sarakasi za jimnastiki ambako kilele chenyewe huja mapema, na huko kanuni ni tofauti. Soka, riadha, netiboli na mpira wa kikapu hazimo katika kundi hilo.

Ninachopendekeza, basi, ni kwamba TAMISEMI, Baraza na vyama vya michezo vikubaliane kutoteua timu ya ubingwa ya mtoto wa chini ya miaka 12, na badala yake UMITASHUMTA ya wadogo iwe tamasha la kata ambalo kila shule huleta darasa zima. Vyama ndivyo vitakavyoumia zaidi hapa, maana vitaachia haki ya kumwona mtoto kwanza. Nalijua hilo. Ndiyo maana hoja inayofuata inahusu fedha.

3. Fedha humwendea aliyesajiliwa

Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji zina kipengele kinachofaa kubandikwa kwenye kila ofisi ya mwalimu mkuu. Mchezaji wa kulipwa anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa waliomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi 23. Tuseme ameuzwa kwa dola 1,000,000. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25, yaani dola 2,500. Kila msimu kuanzia miaka 16 hadi 23 ni asilimia 0.5, dola 5,000. Misimu minne ya mwanzo inafika dola 10,000, fedha zinazoweza kununulia shule za kata nzima mipira na nyavu kwa miaka kadhaa. Tangu Novemba 2022 malipo hayo yamekuwa yakipitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, inayofuata kumbukumbu za usajili za kielektroniki.

Lakini anayelipwa ni klabu au akademi iliyosajiliwa na chama cha soka cha nchi. Shule ya msingi ambayo mwalimu wake alimfundisha kijana yule kutuliza mpira, kama haina klabu iliyosajiliwa, hailipwi hata senti, na mtaa aliochezea chandimu ndio usiseme. Mchezaji akifika Ulaya, shule hubaki na picha ukutani. Wala msiilaumu FIFA peke yake. Kanuni inataka mwenye kumbukumbu, na shule zetu hazina kumbukumbu kwa kuwa hakuna aliyeziambia zina haki. Hapa sera ya ushirikiano ina kazi ya wazi: Msajili wa Vyama vya Michezo, TFF na halmashauri waweke utaratibu mwepesi wa klabu ya kata, inayoundwa na shule zake zote, yenye akaunti, kamati ya wazazi na daftari la wachezaji lenye namba za vyeti tulizozitaja. Mtoto anayecheza shuleni awe amesajiliwa na klabu ya kata yake, hata kama hajui.

Kuna atakayesema: mnageuza watoto kuwa bidhaa. Hofu hiyo naiheshimu, na ndiyo sababu FIFA yenyewe, kwa kawaida, inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa mazingira machache. Jibu langu ni kwamba biashara ipo tayari. Wakala asiye rasmi anayezunguka kwenye viwanja vya ndondo hahitaji ruhusa ya sera, na anachokipenda zaidi ni mtoto asiye na kumbukumbu. Daftari la kata linamlinda mtoto kabla halijamlipa mtu. Ni wachache mno watakaouzwa kwa bei yoyote, na sera itakayosubiri mgawo wa FIFA itakufa njaa. Fedha za kila mwaka zitoke ndani. Tangu mwaka wa fedha 2021/2022 sehemu ya kodi ya ubashiri wa michezo imetengwa kwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Huko Norwei nako, sehemu kubwa ya faida ya shirika la bahati nasibu la serikali, Norsk Tipping, huenda michezoni. Swali langu kwa wenye mfuko ni moja: katika kila shilingi mia, ngapi zinashuka chini ya umri wa miaka 13? Timu ya taifa ikifuzu, ni rahisi fedha yote kupanda nayo ndege.

4. Funguo na ratiba

Juu ya kiwanja sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu humu anajua eneo la wazi lililokuwa la mpira na sasa lina maduka. Nitataja mifano miwili tu. Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, pana viwanja vya vijana vilivyofunguliwa mwaka 2015 kwa jina la Rais Jakaya Kikwete, matunda ya kampuni ya umeme ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Ni kazi nzuri, nayo ilihitaji mfadhili. Mathare, Nairobi, hawakumsubiri. Mwaka 1987 vijana wa mtaa huo wakiwa na Bob Munro, raia wa Kanada, walianzisha MYSA, na ligi yao ikawa na kanuni ya ajabu: timu hupata alama za msimamo kwa kusafisha mtaa, kuzibua mitaro na kuzoa taka, mbali na alama za kushinda mechi. Wanaoendesha ligi, wakiwamo waamuzi, wengi wao ni vijana wenyewe. Kutoka humo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Kanuni ile ilizigusa ofisi mbili zisizoonana, ya taka na ya michezo, na mtoto ndiye aliyeziunganisha.

Ratiba ni rahisi zaidi kuliko kiwanja, ndiyo maana inasikitisha zaidi. Mtaala mpya wa elimu ya msingi una somo la Sanaa na Michezo, na sekondari imefunguliwa mkondo wa amali ambamo michezo imo. Kipindi kipo kwenye karatasi. Mtihani ukikaribia, kipindi hicho ndicho cha kwanza kuliwa na Hisabati, na mwalimu anayekifundisha mara nyingi hajawahi kufundishwa namna ya kukifundisha. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya hakiwezi kumfikia kila mwalimu wa msingi, wala si lazima. Vyuo vya ualimu vikipewa moduli moja iliyoandikwa na Malya na vyama vya michezo kwa pamoja, mwalimu mpya atakwenda kituo chake cha kazi akijua kuongoza watoto arobaini kwa mipira minne bila ya thelathini kusimama pembeni wakitazama. Hapo ndipo pia lilipo jibu kwa wale wanaoamini kwamba michezo huharibu masomo. Kinachoharibu masomo ni kambi ya wiki tatu kwa watoto kumi na wanne. Kipindi cha dakika arobaini kwa darasa zima hakijamfelisha mtu.

Ndugu Mwenyekiti, mwaka 2027 sisi, Kenya na Uganda tutapokea fainali za Mataifa ya Afrika. Arusha inajengewa uwanja wa watazamaji 30,000, na kila mji mwenyeji unaandaa viwanja vya mazoezi vyenye nyasi ambazo watoto wetu wengi hawajawahi kuzikanyaga. Timu zitakuja, zitakaa wiki chache, zitaondoka. Ombi langu ni kwamba kabla ya mechi ya kwanza kupigwa, Baraza na halmashauri za miji hiyo zitie saini, kwa saa na kwa siku, ni lini viwanja hivyo vya mazoezi vitakuwa vya shule za msingi baada ya mashindano, nani atalipia maji na mkata nyasi, na mwalimu atachukua funguo kwa nani. Mjadala huo tukiuanza baada ya fainali, mpangaji mwingine atakuwa ameshaingia.

Sambamba na hilo, zichaguliwe halmashauri chache, za mjini na za kijijini, zijaribu kwa miaka mitatu klabu ya kata, safu ya cheti kwenye daftari na tamasha lisilo na ubingwa kwa walio chini ya miaka 12. Mwisho wa miaka hiyo tusihesabu vikombe. Tuhesabu ni watoto wangapi waliokuwa wakicheza darasa la tatu bado wanacheza darasa la sita, wasichana kwa idadi yao na wavulana kwa yao, na matokeo hayo yasomwe kwenye baraza la madiwani kama yanavyosomwa ya mtihani wa darasa la saba. Nimefika mwisho wa niliyokuja nayo. Nasubiri maswali yenu, na naona afisa ardhi aliyekaa safu ya nyuma ameshanyoosha mkono.